Mtetezi wa Imani wa Kata ya Mbuji

Kwa miaka kumi na moja nimesoma habari za Wakristo wa mwanzo, wale walioishi kabla dola haijawakubali, na hasa wale wachache miongoni mwao walioshika kalamu kuwatetea wenzao. Sikusomea jambo hili popote. Niliishia kidato cha nne, nikawa karani wa kupima kahawa, na mizani ndiyo iliyonifunza yote ninayoyajua kuhusu utafiti: hakikisha mshale uko kwenye sifuri, soma, andika, na usiandike ulichokisia. Ningependa kusema kwamba nimeifuata kanuni hiyo siku zote. Ninayoyasimulia hapa ni ya siku ambayo mshale haukuwa kwenye sifuri, na binti yangu nusura akose mume.

Nianze na vitabu. Padri mmoja mzee, alipokuwa anahamia nyumba ya mapadri wastaafu, alinigawia vitabu sita vya historia ya Kanisa. Vitano ni vyembamba. Cha sita ni kinene, na mchwa walikuwa wamekila kuanzia karne ya nne hadi jalada la nyuma. Watu wakiniuliza kwa nini nimejikita katika karne ya pili na ya tatu, huwa nawajibu kwamba hicho ndicho kipindi chenye hoja nzito zaidi. Ukweli ni kwamba uwanja wangu wa utafiti ulichaguliwa na mchwa.

Kila ninachokisoma nakiandika kwenye kadi ninazozikata kutoka katika maboksi ya sabuni. Nimezipanga kwa mfumo wa ngoro. Sisi Wamatengo hulima milimani kwa kuchimba mashimo yaliyokaa safu kwa safu, kila shimo likiyazuia maji yasikimbie na udongo. Kadi zangu nazo zina safu na mashimo, ili wazo lisiteremke bondeni. Mfumo huo nauonea fahari. Mke wangu huuita shamba la baba lisilovunwa.

Hao watetezi, kwa asiyewajua, walikuwa na kazi ngumu. Jirani zao waliwashtaki kwamba hawana Mungu, kwa kuwa nyumbani mwao hamkuwa na sanamu. Waliwashtaki kwamba wanapokutana kwa siri hula nyama ya watoto. Waliwashtaki kwamba wale wanaoitana kaka na dada hulala pamoja. Watetezi wakaandika majibu kwa mpango, hoja baada ya hoja, na baadhi yao waliyaelekeza kwa kaisari mwenyewe. Nilimweleza mke wangu haya siku moja akichagua maharage. Akauliza kama kaisari alijibu. Nikamwambia kwamba hakuna ushahidi wa kutosha hata kwamba alisoma.

Alitupa punje moja mbovu pembeni. "Basi wewe na hao watetezi mtaelewana sana," akasema.

Binti yetu ni muuguzi katika zahanati ya upande wa Lundo, kule ziwani. Mwaka juzi alipanda nyumbani wakati wa mavuno ya kahawa, akachuma nasi siku mbili bila kusema kitu. Siku ya tatu, tukiwa kwenye mashine ya kumenyea, akamwambia mama yake kwamba amepata mchumba, fundi wa injini za boti, Mwanglikana. Alimwambia mama yake, lakini kwa sauti ya kunitosha mimi niliyekuwa nazungusha mpini. Niliendelea kuzungusha, na baada ya muda mke wangu akanigusa bega kunijulisha kwamba mashine imeishiwa kahawa kitambo.

Lazima niwe mkweli kuhusu yaliyofuata. Hakuna aliyetushambulia. Kijana hakumtaka binti abadili dhehebu. Paroko wetu alilimaliza suala lote kwa fomu moja na kalamu ya wino wa bluu, akatutakia heri. Hata hivyo, juma lilelile nilifungua safu mpya ya kadi. Niliipa kichwa "Waanglikana wa Ziwani", na nilijaza kadi ishirini na mbili kwa siku nne. Hawafukizi ubani. Hawaungami kwa padri. Bikira Maria kwao ni mwanamke kama wengine. Chanzo cha habari zote hizi kilikuwa jirani yangu, aliyewahi kushuka ziwani kununua samaki, na kila kadi ilianza na neno "inasemekana". Katika miaka yangu yote ya mizani sikuwahi kumwandikia mkulima "inasemekana kilo arobaini".

Binti alinijua. Kabla ya kurudi kazini alikuja nilipokuwa nimekaa na makasha yangu ya kadi, akasimama mlangoni. Wazazi wa kijana wangepanda mwezi wa kumi kuleta posa. Akaniomba jambo moja: siku hiyo nisiwasomee watu.

Nikamwahidi kwamba sitashika hata karatasi moja mkononi. Ahadi hiyo niliitimiza. Nilikariri.

Hapa ni lazima nieleze desturi ya ukoo wetu, maana kosa langu halieleweki bila hiyo. Posa ikija, baba wa binti hukaa pale sebuleni, lakini hasemi. Anayesema ni mjomba wa binti. Wageni huweka kikapu chao katikati, kimefunikwa kitambaa, kisha msemaji wao hueleza walichofuata. Akimaliza, mjomba hanyamazi kidogo tu. Hunyamaza kirefu, akiangalia dari, ili wageni waone kwamba mtoto wa watu haokotwi njiani. Kisha hujibu, kikapu hufunuliwa, watu hula. Baba akifungua mdomo kabla ya mjomba, wageni huelewa kitu kimoja tu: amekataa. Hahitaji kusema maneno makali. Hata akiwasifia, amekataa. Haya yote niliyajua tangu utotoni, na sikuwa nimeyaandikia kadi.

Walikuja sita ndani ya Noah ya kukodi, wamevaa masweta ya kuazima, maana watu wa ziwani hutuonea huruma kwa baridi yetu. Baba wa kijana alikuwa mzee mrefu, mvuvi, mpole, mwenye mikono mikubwa aliyoiweka magotini kama vyombo vya mtu mwingine. Msemaji wao alikuwa shangazi wa kijana, muuza usipa, wale dagaa wa ziwa letu, na sauti yake ilikuwa imezoea kushindana na soko. Akaweka kikapu. Akasema vizuri, bila kuzunguka sana. Karibu na mwisho, kwa adabu tu, akatamka sentensi ambayo mtu mwingine yeyote angeipokea kama kikombe cha chai: sisi na ninyi ni Wakristo, tofauti si kubwa.

Shemeji yangu, mjomba wa binti, ni seremala na anaijua kazi yake. Aliinua macho, akaanza kuiangalia dari. Kimya kikaingia. Kilikuwa kimya cha desturi, chenye mwenyewe, nami nikakiona kama nafasi iliyoachwa wazi.

Nikasimama.

Nilizungumza dakika arobaini. Nazijua kwa sababu nilijipima wiki nzima shambani. Nilikuwa na sehemu nne. Ya kwanza ilihusu mashtaka ya wapagani, ambayo hakuna mgeni hata mmoja aliyekuwa ameyasikia, na naona sasa kwamba kumweleza mama wa watu habari za kula watoto siku ya posa si mwanzo mzuri. Ya pili ilihusu jinsi imani inavyopokewa kutoka mkono hadi mkono. Katika sehemu ya tatu nilimgeukia yule mzee mvuvi na kumweleza, taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia, ubani ni kitu gani, na kwa nini sisi tumeutunza tangu kale. Alinisikiliza akitazama vidole vyake. Sehemu ya nne siikumbuki vizuri, ila najua nilimaliza kwa kukaribisha maswali.

Hakuna aliyeuliza. Maharage yalikuwa yamepoa. Shemeji alikuwa bado anaangalia dari, lakini sasa kwa sura ya mtu anayehesabu misumari. Mzee akainuka, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Tumesikia, mzee mwenzangu," akasema. Shangazi akakiinua kikapu kikiwa kimefunikwa vilevile, na wote wakatoka. Niliwasindikiza hadi kwenye gari nikiwapungia.

Niliporudi ndani nilimwambia shemeji kwamba nadhani ile hoja ya tatu imewagusa.

"Shemeji," akasema, "umewafukuza watu."

Mke wangu alikuwa anarudisha chakula kwenye sufuria, sahani moja moja. Binti alikuwa amesimama mlango wa jikoni, amevaa gauni alilolishonesha kwa siku hiyo. Nilitegemea alie, na kwa kilio nilikuwa na jibu. Hakulia. Aliniuliza kwa sauti ya zahanati, ile ya kumuuliza mgonjwa maumivu yalianza lini: "Baba, nani alikushtaki?"

Kesho yake alishuka ziwani, na simu yake ikawa haipokewi. Mama yake akipiga, ilipokewa. Kwa njia hiyo nilijua kwamba upande wa kijana hawakukasirika. Wameheshimu jibu letu. Kijana anaanza kutafutiwa kazi Kyela, mbali na maneno. Nilimwomba shemeji ashuke akaeleze kwamba halikuwa jibu. Akasema yeye ni msemaji wa ukoo, hana kazi ya kufagia nyuma ya msemaji mwingine, na kwamba kikapu kilichorudi kimefunikwa hufuatwa na yule aliyekirudisha, kwa miguu yake. Mwezi mzima nilikaa na makasha yangu. Nilitafuta kama kuna mtetezi yeyote wa kale aliyewahi kuandika utetezi wa pili kueleza kwamba wa kwanza hakuumaanisha. Kama yupo, mchwa walimwahi.

Mwezi wa kumi na moja tulishuka, mimi na mke wangu. Kabla ya kutoka aliupekua mfuko wangu, akakuta kadi tatu ndani ya soksi. Alizitoa, akaweka mahali pake kilo mbili za kahawa na maharage ya kuwapelekea wenyeji. Kutoka Mbinga mjini tulipanda Kosta hadi Mbamba Bay, tukalala gesti, na Jumapili alfajiri tukachukua gari la Lundo. Mke wangu alikuwa ameshaamua kwamba tutaanza kanisani, kwa sababu mtu hawezi kuingia nyumbani kwa watu akitokea barabarani Jumapili. Nilimkumbusha kwamba ni kanisa la Kianglikana. Akaniambia kwamba amesoma kibao.

Tukakaa benchi la nyuma. Nilikuwa na umri wa miaka hamsini na mitatu, nimeishi mwendo wa saa chache kutoka pale, na sikuwa nimewahi kukanyaga ndani ya kanisa lao. Wapagani wa kale nawajua kwa kosa hilohilo: walisimulia chakula cha Wakristo bila kuvuka kizingiti. Nina kadi sita juu ya uzembe wao. Nimewaandikia maneno makali.

Kengele ikalia, watu wakasimama, na kitu cha kwanza kilichonifikia kilikuwa harufu. Kisha moshi. Kisha, mbele ya msalaba, akija polepole katikati ya kanisa, amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, akikitembeza chetezo kwa mkono mmoja mkubwa bila mnyororo kugonga popote, akaja yule mzee mvuvi. Nilijua baadaye kwamba anafukiza ubani katika kanisa lile tangu kabla kijana wake hajazaliwa. Mimi ndiye niliyemweleza ubani ni kitu gani.

Ibada ikaendelea, nami nikahesabu kadi zangu zikianguka. Ilitangazwa saa ya padri kusikiliza maungamo. Mama mmoja pembeni yetu alikuwa na rozari. Baada ya ibada wote walisali Salamu Maria, na mke wangu akaitikia kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Niongeze aibu moja ya kitaalamu, ambayo hakuna aliyeijua pale isipokuwa mimi: kadi yangu mwenyewe, safu ya tatu, inasema kwamba watetezi wa kale walijisifu kwa kutofukiza ubani, maana wakati wao ubani ulikuwa mambo ya miungu ya kipagani. Katika chumba kile cha Mbuji nilikuwa nimewadanganya wageni na kuwasingizia watetezi kwa pamoja.

Lakini kabla ya hayo, katikati ya ibada, mzee aliligeukia kusanyiko kulifukizia. Alipolielekea benchi letu alituona. Hakusita. Akainama kama alivyowainamia wengine, chetezo kikapanda mara tatu, na watu wote wakainama kumjibu. Nami nikainama. Nilibaki nimeinama muda mrefu kidogo kuliko wenzangu.

Nyumbani kwao walitupokea vizuri mno, jambo ambalo ni gumu kulivumilia. Tulipewa maji, ugali wa muhogo na samaki, tukazungumzia mvua. Kijana alikuwapo, ametulia, ananisalimia shikamoo bila kunitazama. Binti yetu alikuja kutoka zahanati akiwa bado na sare, akakaa mkekani karibu na mama yake, mbali nami. Hatimaye shangazi akakusanya vyombo, akakaa, akakunja mikono.

"Haya. Wageni wana neno. Nani anamsemea huyu mkwe?"

Nilifungua mdomo. Mke wangu alinikanyaga. Kwa desturi nilikuwa mkosaji, na mkosaji hajisemei. Huja na mtu wake. Mtu wangu alikuwa Mbuji, anaranda mbao. Mke wangu naye hakuweza kunisemea, kwa kuwa tulikuja kama kitu kimoja. Shangazi akarudia swali. Niliutazama mkeka. Nilikuwa nimesoma watetezi wa watu wa mbali kwa miaka kumi na moja, na pale nilikuwa nahitaji mmoja, wa dakika mbili, wala sikuwa naye.

"Mimi namsemea," akasema binti.

Shangazi akamtazama. "Mwali anamsemea baba yake? Kwenu milimani ndivyo?"

"Kwetu sivyo, shangazi. Lakini hana mwingine." Akavuta sare yake ikafunika magoti. "Baba hakuwakatalia. Aliogopa. Akiogopa, husoma, na akishasoma lazima aseme. Nilipokwenda bweni aliniandikia orodha ya nyoka wote wa wilaya ile, wanaotema na wasiotema. Hakuniambia kwamba atanikumbuka. Aliniambia habari za nyoka."

Kimya kilichofuata sikukijaza. Orodha ile niliiandika kwa mkono, kurasa tatu, na sikujua kwamba aliielewa.

Mzee ndiye aliyeanza kucheka, cheko dogo la puani, akiziba mdomo kwa ule mkono wake. "Mimi nilidhani ni mimi," akasema. "Nilidhani labda ubani wangu una kasoro." Kisha shangazi akacheka kwa sauti ya sokoni, na hata kijana akaniangalia kwa mara ya kwanza.

Shangazi alipojifuta macho akatoa hukumu. Kikapu kitapanda tena, mwezi wa kwanza. Mjomba aandaliwe. Lakini kuna sharti: siku hiyo mkwe ataletewa samaki wake peke yake, mwenye miiba mingi, na atamla tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Mtu anayekula samaki wa miiba hahutubu. Akihutubu, mwiba utamkaa kooni.

Wakapanda mwezi wa kwanza, na masweta yao. Shangazi akaweka kikapu katikati, na mbele yangu akaweka sahani. Ilikuwa ni miiba iliyoshikamana kwa nyama kidogo. Nikaanza. Akasema maneno yake, na mwisho, akinikazia macho, akaongeza polepole kwamba sisi na ninyi ni Wakristo, tofauti si kubwa. Shemeji akaangalia dari. Akaiangalia kirefu kuliko nilivyowahi kumwona, nadhani kwa makusudi. Nilitoa mwiba, nikauweka ukingoni. Nikatoa mwingine. Kisha akajibu, na katika kujibu akasema kwamba Ukristo ulianzia Roma. Nina kadi tisa kuhusu hilo. Nilimeza.

Kikapu kikafunuliwa. Usipa ukang'aa. Binti alikuwa mlango wa jikoni, amevaa lile gauni la mwezi wa kumi, na kwa desturi lilibaki jambo moja, ambalo mimi nilikuwa nimelisahau kwa sababu mara ya kwanza hatukufika huko: msemaji wa wageni humgeukia baba na kumuuliza mwenyewe kama ameridhia.

"Mkwe," akasema shangazi, "umekubali?"

Chumba kizima kiligeuka. Nilikuwa na mwiba chini ya ulimi. Nikautoa, nikaufuta mkono, nikamtazama binti yangu, naye akanitazama kwa wasiwasi mkubwa.

"Ndiyo," nikasema.

Shangazi alisubiri. "Hakuna nyongeza?"

Nikasema hakuna, nikamrudia samaki.